Kinachoishika Mifupa Yako

Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu aliinama akaokota kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ile ile ya kokoto zilizokizunguka. Mwingine angekikanyaga akapita zake. Kimeu, aliyekuwa jicho kali kuliko yote katika kikosi cha mtafiti wa masalia ya kale Richard Leakey, alijua amepata nini. Misimu ya uchimbaji iliyofuata ilitoa mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Wataalamu wanamwita Mvulana wa Turkana, na masalia yake yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi.

Ni nadra kumpata mhenga wa zama hizo akiwa amekamilika kiasi hicho. Hata hivyo, karibu mifupa yote ya viganja na nyayo zake haikuonekana. Hilo halikuwashangaza wachimbaji. Kiumbe akifa, nyama huoza kwanza, kisha huoza vile vinavyofunga mfupa na mfupa. Viungo vidogo vya vidole ni miongoni mwa vinavyoachana mapema, na maji au wanyama huvitawanya kabla tope halijavifunika. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: mtu mzima ana mifupa 206, na kati ya hiyo 106 imo katika mikono kuanzia kifundo na miguu kuanzia kifundo. Zaidi ya nusu ya mifupa yetu iko huko pembeni, vipande vidogo vidogo, na kila kimoja kinategemea kushikwa na jirani yake.

Kwa hiyo mifupa peke yake haisimami. Ile sanamu ya mifupa inayoning'inia katika maabara za shule husimama kwa sababu kiwanda kiliifunga kwa waya na skrubu. Wewe umefungwa kwa nini? Na hicho kilichokufunga hudumu kwa muda gani? Swali la kwanza limo katika vitabu vya shule. La pili limepata majibu ya kushangaza katika miaka ya karibuni, na majibu hayo yanapaswa kubadili namna tunavyowalea watoto, tunavyocheza mpira na tunavyozeeka.

Kamba ya nyuzi tatu

Tuwekane sawa kwanza kwa majina. Ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa. Kano hufunga msuli kwa mfupa, ili msuli ukijivuta mfupa ufuate. Gegedu ni ile tishu nyeupe, laini na yenye unyumbufu inayofunika ncha za mifupa pale inapokutana. Ndiyo hiyo hiyo inayoshika sikio na ncha ya pua yako. Kiungo kinachosogea, kama goti au kiwiko, huzungukwa na mfuko mgumu ambao ndani yake una utando unaotoa ute wa kulainisha.

Malighafi kuu ya vyote hivi ni protini moja iitwayo kolajeni. Inachukua karibu theluthi ya protini yote ya mwili. Mpenzi wa supu ya makongoro anaijua bila kuitaja: supu ikilala usiku ikaganda, kilichoigandisha ni kolajeni iliyoyeyushwa na moto kutoka kwenye kano na ligamenti za mguu wa ng'ombe.

Umbo lake lilifumbuliwa mwaka 1954 huko Madras, India, ambako G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha walionyesha kwamba molekuli ya kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja. Nyuzi hizo hukusanyika kuwa uzi mnene zaidi, uzi ukawa fungu, mafungu yakawa kano. Mafundi wa mitepe ya Lamu wangeuelewa mpango huu bila kufundishwa. Jahazi la mtepe lilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ubao kwa ubao, bila msumari hata mmoja. Likipigwa na wimbi au likikwama kwenye fungu la mchanga, mbao zilipeana nafasi badala ya kupasuka. Gharama yake ilikuwa moja: kamba zilipaswa kukaguliwa na kushonwa upya, la sivyo chombo kilifumuka.

Mwili nao hushona upya. Lakini haushoni kila mahali, wala kwa kasi moja. Hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga.

Uhuru una bei

Kabla ya kufika huko, tutazame namna mwili ulivyogawa kazi. Kila kiungo kimepewa kiasi fulani cha uhuru wa kusogea, na kwa kila kiasi cha uhuru kimelipa kwa uimara.

Upande mmoja kuna viungo vilivyouza uhuru wote. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikamana kwa mishono ya nyuzi fupi isiyoruhusu mwendo wa maana. Jino nalo limening'inizwa ndani ya tundu lake la taya kwa ligamenti nyembamba sana. Lakini fuvu hilo hilo, siku ya kuzaliwa, lilikuwa legevu: mifupa yake hupandana kidogo ili kichwa kipite katika nyonga ya mama. Ndiyo maana mtoto mchanga ana utosi unaobonyea. Ule wa mbele hufunga mara nyingi kati ya miezi 12 na 18, na kabla haujafunga huwa dirisha la afya: utosi ukitumbukia ndani kwa mtoto anayeharisha, maji yamempungukia na anahitaji hospitali. Mama naye hujiandaa. Wakati wa ujauzito homoni hulegeza ligamenti za nyonga, na pengo la kiungo cha mbele cha nyonga huongezeka kwa milimita chache. Maumivu ya nyonga ambayo wajawazito wengi huambiwa ni uvivu yana sababu hiyo ya kimaumbile.

Katikati kuna viungo vya uti wa mgongo. Pingili zimetenganishwa na visahani 23 vyenye ganda la nyuzi na kiini chenye maji mengi. Mchana kutwa uzito hukamua maji hayo, usiku ukilala yanarudi. Jipime urefu unapoamka na jipime tena jioni: utakuta umepungua sentimita moja hivi.

Upande wa mwisho kuna bega. Mkono wako wote umeungana na kiwiliwili kwa kiungo kimoja tu cha mfupa kwa mfupa, pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kidari. Bamba la bega limelala juu ya mbavu likishikwa na misuli, na kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe kifupi mno. Ndiyo maana unaweza kujikuna mgongoni, kurusha jiwe na kutwanga. Na ndiyo maana bega huongoza kwa kuteguka kati ya viungo vyote vikubwa vya mwili. Linganisha na nyonga: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe kirefu na kufungwa na ligamenti ambayo ndiyo imara kuliko zote mwilini. Ligamenti hiyo hukaza unaposimama wima, kwa hiyo unaweza kusimama kwenye foleni ya benki saa nzima bila misuli ya nyonga kufanya kazi kubwa. Ili nyonga yenye afya itoke mahali pake huhitajika nguvu kama ya ajali ya gari.

Machungwa ya Mombasa

Sasa turudi kwenye kushona upya, na ushahidi wake mmojawapo uko katika pwani yetu.

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilifika Mombasa zikiwa na mabaharia wagonjwa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Shajara ya safari ile inasimulia kwamba wagonjwa walipona hapo mjini, na mwandishi wake akaisifu hewa nzuri ya Mombasa. Machungwa hakuyahesabu.

Miezi michache baadaye walilipia. Kuvuka kutoka India kurudi Afrika Mashariki kuliwachukua karibu miezi mitatu kwa sababu ya upepo mbovu. Ufizi ulivimba ukafunika meno hata wakashindwa kula, miguu ikafura, watu 30 wakafa. Walipotia nanga Malindi Januari 1499, kila meli ilikuwa na mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu za kufanya kazi. Safari hii nahodha aliagiza machungwa mahususi kwa ajili ya wagonjwa. Yaliletwa kesho yake, lakini kwa wengi ilikuwa imechelewa. Muda mfupi baadaye waliichoma moto meli ya São Rafael kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Ugonjwa huo ni kiseyeye. Ili nyuzi tatu za kolajeni zishikamane sawasawa, vimeng'enya vinavyozifunga huhitaji vitamini C. Mbuzi hujitengenezea vitamini hiyo mwilini. Binadamu hawezi, lazima aile. Ikikosekana kwa miezi miwili mitatu, mwili huendelea kusokota kamba, lakini kamba zinatoka mbovu. Tishu zinazofanywa upya kwa kasi ndizo hufumuka kwanza: ufizi, kuta za mishipa midogo ya damu, na ligamenti zinazoshika meno.

Kisa kinachotisha zaidi kiliandikwa na Richard Walter, kasisi wa safari ya Admeri George Anson wa Uingereza iliyoanza 1740. Baharia mmoja wa meli ya Centurion alikuwa amejeruhiwa katika vita vya Boyne vya mwaka 1690. Kiseyeye kilipomshika, majeraha yaliyopona zaidi ya miaka 50 kabla yalifunguka tena, na mfupa wake uliowahi kuvunjika ukaunga ukaachana kana kwamba haukuwahi kupona. Kovu, kumbe, si kiraka kilichowekwa kikaachwa. Ni kazi inayoendelea kila siku, na ikikosa malighafi husimama.

Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye katika jozi sita, kila jozi na dawa yake. Waliopewa machungwa na limau walipata nafuu ndani ya siku chache. Jeshi la majini la Uingereza lilichukua hadi 1795 kuagiza maji ya limau yagawiwe mabaharia wake. Sisi hatuna sababu ya kungoja hivyo: pera moja la ukubwa wa kawaida linatosha mahitaji ya vitamini C ya siku nzima na kubaki, kwani gramu kwa gramu mapera huyazidi machungwa kwa takriban mara nne. Ila mwenye lishe ya kawaida asidanganywe kuwa vidonge vingi vitampa kano za chuma. Mwili huhitaji kiasi chake, kinachozidi hukojolewa.

Ulichopewa mara moja

Kama mwili hushona kovu kila siku kwa miaka 50, mtu angedhani kila kishikizo hufanywa upya. Jibu lilitoka mahali pasipotarajiwa: mabomu ya nyuklia.

Kati ya 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya majaribio angani, na kiwango cha kaboni-14 katika hewa ya dunia kikakaribia kuwa maradufu. Mkataba wa 1963 ulipositisha majaribio hayo, kiwango kikaanza kushuka. Mimea ikaivuta kaboni hiyo, ng'ombe wakala mimea, watu wakala vyote viwili. Kila tishu iliyojengwa katika miaka ile ikabaki na alama ya mwaka wake. Watafiti wa Denmark wakiongozwa na Katja Heinemeier walipima kano kubwa ya kisigino, ile inayoitwa kano ya Akile, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba kiini chake hujengwa katika miaka 17 ya mwanzo ya maisha. Baada ya hapo karibu hakibadilishwi. Mwaka 2016 wakarudia kazi hiyo kwa gegedu la goti, wakakuta kolajeni yake nayo ni ile ya ujana, hata kwenye magoti yaliyokwisha kuharibika.

Yaani mzee wa miaka 70 anayepanda daladala leo anapanda kwa gegedu alilolijenga akiwa shuleni.

Madaktari wa zamani walilihisi hili. Mwaka 1743 William Hunter wa Uskoti aliwasilisha mbele ya Chama cha Kifalme cha London andiko kuhusu gegedu za viungo, akikiri kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Sababu imo katika maumbile yake. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hakuna damu ya kuleta mafundi wa ukarabati, na hakuna maumivu ya kukuonya linapoanza kulika; maumivu huja baadaye, mfupa na utando unaolizunguka vinapoguswa.

Chakula chake hulifikia kwa njia ya ute wa kiungo. Ukikanyaga, gegedu hufinywa na kutoa maji yenye taka. Ukiinua mguu, hunyonya ute mpya wenye lishe. Asiyetembea analinyima chakula gegedu lake. Hapa ndipo unapokosea ushauri wa mtaani usemao kwamba kukimbia humaliza magoti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kuchakaa kwa viungo vya nyonga na goti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, dhidi ya asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia. Waliozidi wote ni wakimbiaji wa mashindano makubwa, asilimia 13.3. Kipimo cha katikati ndicho kinacholinda.

Na wale wanaokatazwa kualisha vidole kwa madai kwamba wataugua baridi yabisi wapumzike. Mlio ule hutokana na pengo la gesi linalojitokeza ghafla ndani ya ute kiungo kinapovutwa. Daktari wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto tu kwa miaka 60 hivi, akauacha wa kulia. Mwishoni hakukuta tofauti ya ugonjwa kati ya mikono yake miwili.

Wakati kamba ni laini

Kama kuna umri ambao kamba hukubali kufuata sura mpya, ni wiki za kwanza za maisha. Mtoto mmoja au wawili kati ya kila 1,000 huzaliwa na mguu kifundo: unyayo umegeukia ndani, kisigino kimepanda juu, ligamenti na kano za upande wa ndani ni fupi na nene. Zamani njia ilikuwa upasuaji mkubwa wa kukata ligamenti hizo na kunyoosha mguu kwa nguvu. Mguu ulinyooka, lakini ukubwani mara nyingi ulikakamaa kwa makovu na kuuma.

Ignacio Ponseti, Mhispania aliyetibu majeruhi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake kabla ya kuhamia Iowa, Marekani, aliona njia nyingine kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Unyayo husukumwa taratibu kwa mkono hadi unapokubali, kisha hufungwa plasta. Baada ya wiki plasta hufunguliwa, unyayo husukumwa kidogo zaidi, plasta mpya hufungwa. Kwa kawaida plasta tano au sita hutosha. Watoto wengi kisha hukatwa kano ya Akile kwa tundu dogo, mara nyingi kwa ganzi ya sehemu tu, na ndani ya wiki tatu hivi kano hiyo hujiunga upya ikiwa ndefu zaidi. Mtu mzima aliyekatika kano hiyo hiyo huuguza kwa miezi.

Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza barani kueneza njia hii katika hospitali za umma, na Dar es Salaam hospitali ya CCBRT imekuwa ikiitumia kwa miaka mingi. Inapokwama ni nyumbani. Baada ya plasta mtoto anapaswa kuvaa viatu vyenye kijiti cha kuviunganisha, mwanzoni karibu saa zote, kisha usiku tu, hadi afikishe miaka minne au mitano. Mzazi akiona mguu umenyooka na mtoto anakimbia, viatu huwekwa kabatini. Ligamenti hurudi zilikotoka, na mguu hugeuka tena.

Goti la uwanjani

Kila mfuatiliaji wa ligi anaijua ile habari: mchezaji aligeuka ghafla, hakuguswa na mtu, akasikia mlio gotini, akatolewa kwa machela. Kilichokatika mara nyingi ni ligamenti ya mbele kati ya zile mbili zinazopishana katikati ya goti. Kazi yake ni kuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele na goti lisijinyonge. Majeraha mengi ya ligamenti hii hutokea bila kugongana na mtu, na wanawake hupata zaidi kuliko wanaume katika mchezo ule ule, jambo ambalo vilabu vinavyoinua soka la wanawake nchini vinapaswa kulipangia.

Kwa nini ligamenti ya pembeni mwa goti hupona yenyewe na hii ya katikati husuasua? Kidonda chochote huanza kupona kwa bonge la damu iliyoganda, ambalo huwa daraja la kupitishia nyuzi mpya. Ligamenti ya katikati inaelea ndani ya ute wa kiungo, na ute huo huliondoa bonge kabla daraja halijajengwa. Daktari wa upasuaji hulazimika kuchukua kipande cha kano, mara nyingi kutoka nyuma ya paja au mbele ya goti, na kukipandikiza. Mwili hukikubali, ukakipa mishipa ya damu na kukigeuza taratibu kifanye kazi ya ligamenti. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kurudi uwanjani kabla ya miezi tisa kunaongeza sana hatari ya kuumia tena, hata kama mguu unaonekana mzima na kocha ana mechi ya watani Jumamosi.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+, yanayochukua kama dakika 20 na yasiyohitaji kifaa zaidi ya mpira, yamepimwa kwa maelfu ya wachezaji na kupunguza majeraha kwa theluthi moja na zaidi. Yanafundisha kutua ukiwa umekunja goti, kugeuka bila goti kuingia ndani, na kuimarisha paja la nyuma. Timu ya mtaa inaweza kuyafanya kwenye uwanja wa vumbi.

Mguu ulioteguka nao una makosa yake ya nyumbani. Siku mbili tatu za kwanza mishipa midogo ya damu bado inavuja; kuuchua kwa nguvu na mafuta ya moto huongeza uvujaji na uvimbe. Baridi, bandeji isiyobana mno, kuuinua mguu, kisha kuanza kuusogeza taratibu maumivu yanapopungua, ndiyo njia. Kiungo kilichotoka kabisa mahali pake ni dharura ya siku hiyo hiyo. Nyonga ikikaa nje kwa zaidi ya saa sita, damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja inaweza kukatika na mfupa ukafa. Na banzi linalofungwa kwa kukazwa sana huweza kuzuia damu hata mtu akapoteza mkono au mguu uliokuwa umevunjika tu.

Waliokwisha kuvuka miaka 17

Msomaji wa makamo anaweza kukata tamaa hapa. Asifanye hivyo. Kiini cha kano hakibadilishwi, lakini tabaka za nje na namna kano inavyobeba nguvu huitikia mazoezi. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2003 uliwachukua wazee wenye wastani wa miaka 74, wakafanya mazoezi ya uzito wa miguu mara tatu kwa wiki kwa wiki 14. Kano za magoti yao zilikuwa imara zaidi kwa dhahiri. Kanuni ni polepole: msuli huongezeka nguvu kwa wiki, kano huchukua miezi kuufuata, na anayeongeza kilo za chuma au kilomita za barabarani kwa kasi ya msuli ndiye anayeumia.

Uzito wa mwili nao una hesabu yake. Vipimo kwa watu wanene wenye magoti mabovu vilionyesha kwamba kila kilo moja waliyopunguza iliondoa takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Hatua za siku ni maelfu, kwa hiyo kilo tano tu ni unafuu mkubwa kwa gegedu lisilo na mbadala. Aliyefika mwisho wa njia, goti likakataa hata kupanda ngazi, ana upasuaji wa kuwekewa kiungo bandia, unaofanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, katika hospitali ya Kikuyu nchini Kenya na kwingineko. Ni kazi nzuri inayorudisha watu shambani na msikitini. Ni ghali pia, na chuma hakina chembe hai ya kujikagua.

Fedha yenye tija kubwa, basi, ni ile inayotumika mapema: mkunga anayetazama nyayo za kila mchanga kabla hajatoka wodini, mzazi anayesisitiza viatu vya usiku hadi mwaka wa nne, mapera sokoni, na kipindi cha michezo shuleni. Hicho cha mwisho ndicho tunachokihujumu kwa urahisi zaidi. Mtihani ukikaribia, somo la michezo hugeuzwa kuwa hisabati ya ziada. Kiwanja cha mpira hukatwa viwanja vya nyumba na hakuna anayeandamana. Shule inayofanya hivyo inakata muda wa ujenzi wa tishu ambazo watoto wale hawatapewa nafasi ya pili ya kuzijenga. Hisabati wanaweza kuirudia wakiwa na miaka 30.